Kozi ya jioni inayofundisha kuikata sentensi ya Kiingereza: uzoefu wangu Lubumbashi

Kila nikisema nimesoma Kiingereza cha jioni hapa mjini, naulizwa swali lilelile: zile kozi zina faida, au ni kula pesa za watu? Hii niliyosoma mimi ina faida kubwa, na nitaitetea mbele ya yeyote, ila faida yake si ile iliyobandikwa mlangoni. Mlangoni wameandika kwamba utazungumza Kiingereza kwa muda mfupi. Mimi bado nazungumza polepole. Nilichopata ni kwamba sentensi ndefu ya Kiingereza hainitishi tena: naona imeungwa kwa vipande gani, kipande kipi kinabeba kingine, na ni nani hasa anayetakiwa kufanya nini.

Kazi yangu ni kupitisha mizigo forodhani. Anayefanya kazi hii Lubumbashi anaishi na lugha tatu kwa siku moja: Kifaransa cha serikali, Kiswahili cha ofisini na barabarani, na Kiingereza cha kila karatasi inayotoka upande wa pili wa Kasumbalesa, kituo cha mpaka wetu na Zambia. Zambia lugha yao rasmi ni Kiingereza, na malori yanayopanda kutoka Durban au Walvis Bay yanakuja na hati za Kiingereza. Tangu Kongo iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, barua za watu wa Nairobi nazo zimeongezeka mezani kwetu. Shuleni Kiingereza tulifundishwa, lakini kilikuwa orodha: orodha ya maneno, orodha ya vitenzi visivyofuata kanuni, 'go, went, gone', mpaka kengele inalia. Mtu anamaliza shule anajua maana ya kila neno kwenye barua, na barua yenyewe haielewi.

Kituo sikitaji jina kwa sababu nina lawama pia, na zitakuja. Ada ni dola 20 kwa mwezi, unaweza kulipa kwa franka, na madarasa yanaanza watu wakishatoka kazini.

Mwezi wa kwanza wote tulikaa kwenye vipande vidogo kabisa, vile wataalamu wanavyoviita mofimu: kipande cha neno chenye maana au kazi yake, ambacho ukikikata zaidi unabaki na sauti tupu. Mwalimu alianzia nyumbani. Aliandika ubaoni 'hatutawalipa', akaikata: ha-tu-ta-wa-lip-a. Kukanusha, sisi, wakati ujao, wao, mzizi wa kulipa, irabu ya mwisho. Chini yake akaandika 'we will not pay them'. Mambo ambayo Kiswahili kimeyafunga ndani ya neno moja, Kiingereza kimeyatawanya yasimame moja moja, kwa hiyo nafasi ya neno ndiyo inayofanya kazi ambayo kwetu inafanywa na viambishi, yaani vile vipande vinavyobandikwa kwenye mzizi. 'The agent paid the driver' na 'The driver paid the agent' zina maneno yaleyale kabisa, lakini pesa zimeingia mifuko miwili tofauti. Kwa mtu wa forodha hilo si jambo la kupita haraka.

Viambishi vya kisarufi, yaani visivyounda neno jipya, vilivyobaki katika Kiingereza cha leo ni 8 tu, na vyote ni vya mwisho wa neno: -s ya wingi, 's ya umiliki, -s ya kitenzi cha nafsi ya tatu, -ed ya wakati uliopita, -en au -ed inayofuata 'have', -ing, na zile mbili za kulinganisha, -er na -est. Ukiziangalia hivi unaona ni chache, na zilitupa moyo wengi tuliokuwa tumekata tamaa. Ugumu ni kwamba umbo moja linabeba kazi kadhaa. Angalia 'driver', 'bigger' na 'corner'. Zote zinaishia kwa herufi zilezile mbili. Ya kwanza inaunda neno jipya, la mtendaji, kama m- na -ji katika 'mwindaji'. Ya pili inalinganisha. Ya tatu si kiambishi hata kidogo, ukiikata unabaki na 'corn', ambayo ni mahindi na haihusiani na kona. Zoezi la namna hiyo tulilirudia sana. Wapo walioona ni kupoteza muda. Mimi nililipenda, kwa sababu lilinizoesha kutoamini umbo la nje kabla ya kuuliza linafanya kazi gani.

Kutoka hapo tukapanda kwenye kirai, yaani kundi la maneno linalotembea pamoja kama kitu kimoja. Hapa ndipo kozi hii inapoziacha nyingine nyuma. Mwalimu alitugawia karatasi zenye sentensi moja, 'The two drivers from Ndola are waiting for the truck parking fee receipt', na kila meza ikapewa mkasi. Kata mara moja tu, akasema, upate sehemu mbili. Meza yetu ilibishana. Papa mmoja, dereva wa zamani, alishikilia kwamba mkasi upite baada ya 'drivers', kwa sababu hao ndio watu wenyewe. Mama aliyekaa karibu naye akasema hapana, baada ya 'Ndola', ule mji wa Zambia wanakotoka. Mwalimu hakuamua. Alisema: sasa ondoeni kipande cha kwanza, mahali pake wekeni 'they'. Kwa mkato wa papa ikatoka 'they from Ndola are waiting', nasi wenyewe tukasikia kwamba inachechemea. Kwa mkato wa mama ikatoka 'they are waiting', safi. Papa akacheka, akachukua mkasi akakata upya.

Kipimo hicho cha kubadilisha kundi zima kwa neno moja nakitumia mpaka leo. Njia yenyewe ya kuigawa sentensi sehemu mbili, halafu kila sehemu tena, mpaka ufike kwenye mofimu, mwanaisimu wa Marekani Leonard Bloomfield aliieleza mwaka 1933, na mwalimu alituambia hivyo wazi, hakujifanya ameivumbua yeye.

Tukaendelea na mwisho wa kipande cha pili cha karatasi ileile. 'Truck parking fee receipt.' Maneno manne yamepangwa bila kiunganishi chochote. Kila kirai kina kichwa, neno linaloamua kundi zima linahusu nini, na katika Kiingereza majina yakirundikana hivi kichwa ni la mwisho. Kinachosubiriwa ni risiti. Risiti ya nini? Ya ada. Ada ya nini? Ya maegesho. Maegesho ya nini? Ya malori. Risiti ya ada ya maegesho ya malori: tumesoma Kiingereza kutoka mwisho kwenda mwanzo, neno kwa neno, tukapata Kiswahili kilichonyooka. Sisi wa barabara ya Kasumbalesa tulilielewa mara moja alivyosema kwamba Kiswahili ni lori la kawaida, kichwa mbele na tela nyuma, lakini Kiingereza hapa matela yametangulia na kichwa kinasukuma kutoka nyuma. Tangu siku hiyo nikikutana na 'copper cathode export permit' naanza na 'permit', na kibali kikishakaa mahali pake mengine yanajipanga.

Kuna jambo moja ambalo kituo kingine nilichowahi kupita hakikuligusa kabisa, nalo ni kwamba Kiswahili chetu kimeshatufundisha kukitafuta kichwa bila kujua. Hakuna anayesema 'orodha ya malori yamefika' akimaanisha orodha. Tunasema imefika, kwa sababu i- inamfuata orodha, si malori, hata kama malori ndiyo yaliyo karibu na kitenzi. Kiingereza kinataka vivyo hivyo: 'The list of trucks has arrived', si 'have'. Mtu aliyefundishwa kupitia Kifaransa pekee anaambiwa akariri kanuni. Sisi tuliambiwa: sema kwanza kwa Kiswahili, sikiliza kiambishi kinamfuata nani, kisha andika. Darasa zima liliacha kukosea hilo ndani ya wiki moja. Ninasikitika kwamba watoto wetu wanapita shule nzima hakuna anayewaambia kwamba tayari wana silaha hiyo mdomoni.

Hata ile 's ya umiliki, ambayo kila kitabu cha shule kinasema inabandikwa kwenye jina la mwenye mali, tulionyeshwa inabandikwa mwisho wa kirai kizima. 'The driver of the red truck's passport' ni pasipoti ya dereva. Lori halina pasipoti. Lakini 's imeng'ang'ania 'truck', kwa kuwa ndilo neno la mwisho la kundi.

Mwezi wa tatu wa kozi ni wa vishazi, na kwa kazi kama yangu huo peke yake unalipa ada yote. Kishazi ni kundi la maneno lenye kitenzi chake. Kikiweza kusimama peke yake ni huru, kikihitaji kuegemea kingine ni tegemezi. Tazama sentensi hizi: 'The containers which arrived on Monday will be inspected' na 'The containers, which arrived on Monday, will be inspected.' Tofauti ni koma mbili tu. Ya kwanza inasema yatakaguliwa yale tu yaliyofika Jumatatu, na mengine huenda yakapita. Ya pili inasema makontena yote tunayoyazungumzia yatakaguliwa, na kufika Jumatatu ni maelezo ya nyongeza tu. Fikiria una mteja mwenye makontena yaliyofika siku tofauti, na unatakiwa kumwambia alipie ukaguzi wa mangapi.

Zaidi ya hapo kuna vishazi vilivyonyolewa. 'The trucks stopped at Kasumbalesa carried copper.' Ukisoma haraka unafikiri kitenzi kikuu ni 'stopped', malori yalisimama. Halafu unakuta 'carried' na kila kitu kinavurugika. Kitenzi kikuu ni 'carried'. Kabla ya 'stopped' kulikuwa na 'that were', Kiingereza kimeruhusu yaondolewe, na kwa kuwa -ed ni ileile kwa wakati uliopita na kwa kutendwa, hakuna alama ya kukuonya. Kwetu haiwezekani kupotea hivyo: 'malori yaliyosimamishwa' ina -li-, ina -yo-, ina -ishwa, kila kipande kinajieleza. Tukipata sentensi ya namna hiyo, mwalimu alitaka tutafute vitenzi vyote kwanza, kisha tuulize kipi kinabaki bila mwenyewe. Ni kazi ya dakika moja, na inakuokoa.

Sasa lawama. Darasa limejaa mno. Waliokaa nyuma hawaoni michoro ya ubaoni, na michoro ndiyo kozi yenyewe. Ile inayotawanyika kama matawi kutoka sentensi hadi neno ikichorwa ndogo haimsaidii mtu. Fotokopi ni hafifu, nyingine hazisomeki kabisa, na tunalipia. Umeme ukikatika, hawana taa ya akiba, na jioni inaishia hapo bila kufidiwa. Masika ndiyo mabaya zaidi, kuanzia Novemba, mvua inapiga mabati mpaka mwalimu hasikiki.

Lawama kubwa zaidi ni kwamba kuzungumza hakuna. Tunakata sentensi, tunaziunganisha, tunaziandika, lakini sikumbuki jioni hata moja tuliyoachwa tuongee wenyewe kwa wenyewe kwa muda wa kutosha. Nilimwambia mwalimu kwa heshima, naye alikubali kwamba programu ni finyu. Anayetafuta kazi ya kupokea wageni hotelini au kupiga simu kwa wateja wa Kitwe, Zambia, asiingie hapa kwanza, atavunjika moyo. Na asiyejua maneno ya msingi kabisa pia asubiri, kwa sababu huwezi kukata kitu ambacho hukijui. Kijana mmoja aliyeingia bila msingi aliacha kabla mwezi wa pili haujaisha, na sikumlaumu.

Kwa anayeshughulika na mikataba, hati za mizigo, ripoti za mgodini, au mwanafunzi wa chuo kikuu anayesoma makala za Kiingereza usiku kucha bila kuzielewa, ningesema nenda. Kabla hujalipa, omba uonyeshwe karatasi za mwezi wa tatu, zile za vishazi, uone kama zinasomeka. Uliza pia mwalimu ni yupi, kwa maana wapo wawili na ni mmoja tu anayetumia Kiswahili kufundishia. Huyo mwingine anarudi kwenye orodha. Fika mapema ukae mbele, na ubebe barua moja ya kazini kwako, kwa sababu mwishoni mwa kila wiki yule anayetumia Kiswahili anaruhusu mtu mmoja alete sentensi yake ikatwe ubaoni.