Tathmini ya arifa za ndege adimu za eBird, wakati Nairobi ilipofungwa

Serikali ya Kenya ilipozuia watu kuingia na kutoka Nairobi kwa sababu ya korona, kuanzia tarehe 6 Aprili 2020 hadi mapema Julai, keremkerem na ndege wengine wahamao walikuwa bado wanapita juu ya paa zetu wakirejea kaskazini. Ndipo nilipozitegemea kwa dhati arifa za eBird, huduma ya mtandaoni isiyo na ada ambako watazama ndege huandika ndege waliowaona, iliyoanzishwa mwaka 2002 na kituo cha utafiti wa ndege cha Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na shirika la Audubon, huko Marekani. Ninaipima kwa kigezo kimoja tu: inamfaa vipi mtazama ndege asiyeruhusiwa kwenda mbali?

Mtumiaji huchagua eneo, kisha hupokea barua pepe, kila saa au mara moja kwa siku, inayotaja ndege, mahali alipoonekana na tarehe. Kinachonifanya niziamini arifa hizi ni kazi ya wahakiki wa kujitolea, ambao huweka kiwango cha kawaida cha kila aina ya ndege kulingana na mahali na majira, ili anayeripoti jambo linalovuka kiwango hicho atakiwe kueleza alichokiona au kuweka picha. Arifa haisubiri uhakiki ukamilike, lakini husema wazi kama taarifa imethibitishwa au bado, na mimi husoma maelezo ya aliyeripoti kabla ya kugusa darubini.

Upungufu wake ni kwamba arifa ya nchi nzima haijui vizuizi vya barabarani. Kilifi nayo ilikuwa imefungwa, kwa hiyo ndege adimu kwenye mlango wa Mto Sabaki alibaki habari tu kwa mtu wa Nairobi. Kwa wakati kama huo ninapendekeza arifa ya aina ya pili, inayotaja ndege ambao mtumiaji mwenyewe hajawahi kuwaandika katika eneo alilochagua. Ukilipunguza eneo, unapata yaliyo karibu nawe. Anayeanza, hata hivyo, ataletewa hata kunguru na shomoro mpaka atakapojaza orodha zake. Tarehe 9 Mei mwaka huo, siku ya kuhesabu ndege duniani, eBird iliwahimiza watu wahesabu wakiwa nyumbani au karibu nako, na zaidi ya watu 50,000 walishiriki.

Ninaipongeza pia kwa kuficha mahali halisi pa ndege wanaowindwa kwa biashara, kama kasuku wa kijivu, hata kama jambo hilo humnyima mtazamaji mwaminifu safari aliyoitamani.

Kuhusu muda wa kupokea arifa, mara moja kwa siku ilitosha kabisa, maana kafyu ilianza saa moja jioni na hakuna ambaye angetoka kumfuata bundi aliyeripotiwa usiku.