Karavani, baiskeli na njia ya Cluny
Aprili mimi na mume wangu tuliegesha karavani ya kukodi, yaani nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, karibu na mji wa Cluny, Ufaransa. Njia ya baiskeli kutoka hapo hadi Givry, kilomita 44 hivi, zamani ilikuwa reli, ndiyo maana haina milima ya kukata pumzi. Lami safi, magari hakuna. Abasia ya Cluny, yaani nyumba ya watawa, ilianzishwa mwaka 910. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa ilibomolewa, mawe yakauzwa, na kilichobaki bado kilinifanya niinue shingo mpaka ikauma. Karavani sasa: kihita kilizima saa nane usiku, tukalala na makoti! Maduka ya vijijini hufungwa mchana, nunua mkate kabla ya saa sita. Nitarudi, ila Mei, na kiti cha baiskeli kilicho laini zaidi.