Mawe ya kifusi Mikindani: mazuri kwa ukuta, hasara kwa zege

Kinachouzwa kwa tripu huku Mikindani, Mtwara, ni matumbawe yaliyobomolewa kwenye kuta kuukuu, mengine bado yana chokaa ya zamani mgongoni. Kwa ukuta wa nyumba ya kuishi tunayapa alama za juu. Yanachongeka kirahisi, na mfano uko jirani: Boma la Mikindani, ngome ya Wajerumani ya mwaka 1895, limejengwa kwa mawe na chokaa.

Ubaya wake ni chumvi. Ukiona unga mweupe juu ya jiwe, uonje kwa ncha ya ulimi. Yakiwa na chumvi, yarundike juu ya kokoto yanyeshewe msimu mzima, Desemba hadi Aprili. Ukiyajenga hivyo hivyo, lipu itafura na kumenyuka kuanzia chini. Usiyasage kuwa kokoto ya linta wala nguzo: chumvi inakula nondo, kutu inavimba, zege linapasuka.

Mzigo tulioukagua ulichanganywa na matumbawe mabichi ya baharini, meupe, yenye harufu ya samaki. Hayo kataa kabisa. Kuyang'oa ni kubomoa mazalia ya samaki, na chumvi yake ndiyo kali zaidi. Mengine yapige nyundo: zima linalia, bovu linatoa sauti ya boga.

Ukuta wa sentimita 40 unakula takribani mita 5 za ujazo za mawe ya rundo kwa kila mita 10 za mraba, pamoja na yatakayovunjika. Yaloweshe kwanza, la sivyo yatanyonya maji ya udongo wa kujengea ubaki vumbi. Udongo wenyewe ni ndoo 1 ya simenti, 1 ya chokaa, 6 za mchanga wa mtoni. Simenti kali ni ngumu kuliko jiwe. Unyevu ukikosa njia kwenye viungo hutoka kupitia jiwe, nalo linamomonyoka.

Simamia hili zaidi ya yote: kila mita ya mraba iwe na jiwe refu linalovuka upana wote wa ukuta. Fundi anayelipwa kwa mita hulikwepa. Anajenga nyuso mbili, katikati anamwaga vipande. Ukuta wa namna hiyo hutoa tumbo.

Vipande hivyo mahali pake ni chini ya jamvi (zege la sakafu), unene wa sentimita 15, vishindiliwe vizuri.