Sinki la stenlesi 304: bakuli safi, kikapu kinashika kutu

Sinki lenyewe, lililogongwa muhuri wa 304, nalipa alama nzuri. Kikapu cha kuchujia kilichokuja nalo sikipendekezi: kinashika kutu, tena palepale vijiti vilipochomelewa.

Stenlesi haijapakwa kitu cha kuzuia kutu. Ni chuma kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu ikikutana na oksijeni hufanya utando wa nanomita chache tu, na ukikwaruzwa hujiziba wenyewe, mradi hewa inafika. Daraja la 304 lina kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli 8, ndiyo maana mikwaruzo ya masufuria kwenye bakuli imebaki mikwaruzo tu.

Kikapu kina shida nyingine. Joto la kuchomelea huacha rangi ya bluu na kahawia, na chini yake kromiamu imepungua. Kiwandani sehemu hizo husafishwa kwa asidi. Hapa rangi bado inaonekana kwenye kila kiungo, kwa hiyo kazi hiyo ilirukwa.

Bakuli nalo lina adui wake, kloraidi, iliyomo kwenye chumvi na kwenye dawa nyingi za klorini. Hutoboa utando mahali padogo kama ncha ya sindano, kisha ndani ya kitundu asidi huongezeka na kutu huzidi kwenda chini huku juu pakiendelea kung'aa. Dawa ikimwagika, suuza hapo hapo. Kitambaa kilicholowa kisilale kwenye sinki, maana chini yake hewa haifiki.

Ukiona madoa ya rangi ya chungwa, usilaumu sinki kwanza. Sugua kwa magadi ya kuokea yaliyolowekwa, kufuata mistari ya chuma, kisha pitisha ukucha. Pakiwa laini, zilikuwa chembe za waya wa chuma wa kusugulia; waya huo ukae mbali na stenlesi. Ukucha ukikwama, ni kitundu.

Sumaku kutoshika hakutoshi kukuhakikishia kwamba ni 304, kwani hata daraja la 201, lenye nikeli kidogo, kwa kawaida haliivuti. Ikishika kidogo kwenye pembe zilizokunjwa, hiyo si dosari.

Kikapu unaweza kukiloweka saa moja kwenye asidi ya sitriki, gramu 50 kwa lita ya maji ya uvuguvugu. Itaondoa kutu ya juu, lakini kromiamu iliyopotea kwenye viungo hairudi, hivyo nunua kingine ambacho viungo vyake vina rangi moja na vijiti.