The Undertones: uanze na santuri ipi? (Uzoefu wangu)

Kwa anayetaka kuijua The Undertones, bendi ya punk ya marafiki watano wa Derry, Ireland ya Kaskazini, ushauri wangu ni kuanza na albamu yao ya kwanza, ila awe macho na toleo. Lile la Mei 1979 lina jalada la picha nyeusi na nyeupe na nyimbo 14, na “Teenage Kicks”, wimbo wao maarufu kuliko yote, haumo. Oktoba mwaka huohuo kampuni ya rekodi ya Sire ililitoa upya kwa jalada jingine, ikaongeza “Teenage Kicks” na “Get Over You”, zikawa 16. Wauza santuri za mitumba wengi huandika “1979” tu, basi. Omba picha ya upande wa nyuma wa jalada, usome orodha kabla hujatoa pesa. Toleo la Mei ni la wakusanyaji. La kusikiliza ni la Oktoba. Na “Casbah Rock” ya mwisho ikikatika kabla ya dakika kuisha, usilaumu sindano: ndivyo ilivyo.

Santuri yao ndogo ya 1978, “Teenage Kicks”, iliyorekodiwa Belfast na kutolewa na Good Vibrations, kampuni ya rekodi ya Terri Hooley, ina nyimbo nne. Nakala za mwanzo zilifungwa kwa karatasi ya bango iliyokunjwa, nayo huchanika kwenye mikunjo. Itie kwenye mfuko wa plastiki. “True Confessions” iliyomo humo si rekodi ileile ya kwenye albamu, kwa hiyo mwenye albamu bado ana sababu ya kuitafuta. John Peel, mtangazaji wa redio ya BBC, aliipiga “Teenage Kicks” mara mbili mfululizo, Sire wakaisikia, na bendi ikapata mkataba. Cha ajabu, iliishia nafasi ya 31 kwenye chati ya Uingereza. Sikiliza makofi yaliyopigwa nyuma ya magitaa: kwenye spika ndogo ya simu hupotea kabisa, na wimbo unabaki kelele tu.

Ya pili, “Hypnotised” (1980), ndiyo niipendayo zaidi. Gitaa la Damian O'Neill limepata nafasi, na “My Perfect Cousin”, masimango matupu kwa binamu asiyekosea, ilifika nafasi ya 9. “Positive Touch” (1981) imeingiza tarumbeta na piano. Waliozoea kasi huichoka mapema, lakini ukiirudia utaielewa. “The Sin of Pride” (1983) inaelemea muziki wa soul wa Marekani. Sauti ya mwimbaji Feargal Sharkey inayotetemeka inaimudu, bendi nzima haiimudu. Haikuuzika, na mwaka huohuo wakaachana.

Walirudi 1999 bila Sharkey, mwimbaji akawa Paul McLoone. “Get What You Need” (2003) ina nyimbo fupi za haraka kama zamani, maana mtunzi wao mkuu, mpiga gitaa John O'Neill, alikuwa bado anatunga. Ila kama sauti ya Sharkey ndiyo iliyokuvuta, ishia 1983.