Uzoefu wangu na Zeitwerk baada ya kupandisha Rails

Nimehamisha mfumo mkongwe kutoka Rails 5.2 (Rails ni zana ya kuundia programu za wavuti kwa lugha ya Ruby) hadi 6.1, kisha 7.0. Hifadhidata haikunisumbua. Kilichonila muda ni majina ya faili. Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2019, kazi ya kupakia klasi (vipande vya msimbo vyenye majina) inafanywa na kipakiaji kiitwacho Zeitwerk. Kipakiaji cha zamani kilibaki kwa wanaokitaka, hadi 7.0 ikakiondoa kabisa.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba safari imegeuzwa. Zamani, msimbo ukiita HTMLParser, Rails ilianzia kwenye jina la klasi, ikatafuta html_parser.rb, ikaipata, mambo yakaisha. Zeitwerk huanzia kwenye faili: ikiiona html_parser.rb, inataka ndani yake imo HtmlParser. Ikikuta HTMLParser, yenye HTML yote kwa herufi kubwa, inagoma:

expected file html_parser.rb to define constant HtmlParser, but didn't

Ujumbe uko wazi, sina neno nao. Kero ni pale unapojitokeza. Kwenye kompyuta yako klasi hupakiwa zinapohitajika tu, kwa hiyo kurasa nyingine zinafunguka vizuri na unadhani umemaliza. Kwenye seva zote hupakiwa mwanzoni, na programu haiwaki.

Dawa ni amri ya bin/rails zeitwerk:check, ambayo mimi ningeiweka kwenye majaribio ya kila mabadiliko. Inakutajia faili moja tu kila mara. Unarekebisha, unairudia, inaibua nyingine. Inachosha, ila angalau hukimbizani na makosa yaliyozaliwa na kosa la kwanza.

Sasa kwenye kurekebisha. Ushauri unaotolewa haraka ni kuongeza inflect.acronym "HTML" (yaani HTML ichukuliwe kuwa kifupisho) kwenye inflections.rb, faili ya kanuni za majina. Tahadhari: kanuni hiyo inashika mfumo mzima, na kama kuna klasi nyingine iitwayo HtmlPage, nayo sasa itadaiwa iwe HTMLPage. Afadhali umwambie Zeitwerk peke yake, kwa faili husika:

Rails.autoloaders.each { |a| a.inflector.inflect("html_parser" => "HTMLParser") }

Mistari ya aina hii hukaa kwenye folda ya config/initializers, na haigusi kitu kingine. Kwa klasi isiyotumika sana, mimi hubadilisha jina lenyewe liwe HtmlParser, yaishe.

Zeitwerk nampa nyota nne kati ya tano. Ile require_dependency (amri ya zamani ya kupakia faili kwa mkono) iliyotapakaa kila kona nimeifuta yote, na programu inawaka bila malalamiko.