Kliniki ya figo: ndani wanaijua kazi yao, mlangoni ndipo tulipokwama

Nimempeleka mama kliniki ya figo ya wagonjwa wa nje mara tatu sasa. Kabla ya kwenda nilitafuta mtu aliyeeleza hali ilivyo huko nikakosa, kwa hiyo naandika mimi. Hospitali siitaji jina. Huduma ya ndani naipa nyota tano bila kusita. Njia ya kuifikia naipa mbili.

Nianze na njia, maana ndiyo iliyoniuma. Mama ana miaka 68 na presha ya siku nyingi. Daktari wetu wa kawaida alimpima damu, akakuta kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, imefika 190, akaandika rufaa ya mstari mmoja kwamba kreatinini imepanda, anaomba msaada. Tukapangiwa tarehe ya wiki 14 mbele. Nilipiga simu mapokezi mara nne na kila mara jibu lilikuwa lile lile, subirini zamu yenu.

Wiki ya tisa simu ikapokelewa na muuguzi wa kliniki yenyewe. Akaniuliza, "Figo zinachuja kiasi gani? Na protini ya mkojo ni ngapi?" Sikuwa na jibu. Ndipo akanieleza kuwa foleni yao haifuati aliyetangulia. Kuna mtu anayesoma barua za rufaa moja moja na kuamua nani aingie upesi, na hizo namba mbili ndizo anazozitafuta kwanza. Barua yetu haikuwa na hata moja. Akasema tupeleke maabara mkojo wa kwanza wa asubuhi, kisha daktari aandike upya. Siku sita baada ya kupeleka barua ya pili tuliitwa. Namshukuru sana dada yule. Lakini jambo hilo lingeandikwa kwenye karatasi ya miadi tangu siku ya kwanza, mama asingekaa wiki tisa bure.

Nimeelewa baadaye kwa nini kreatinini peke yake haitoshi. Ni taka inayotoka kwenye misuli, kwa hiyo namba moja ina maana tofauti kwa watu tofauti. Kijana wa kiume wa miaka 25 mwenye 190 hiyo hiyo, figo zake hukadiriwa kuchuja kama mililita 43 kwa dakika. Za mama yangu, mililita 24. Kijana huyo angekuwa hatua ya tatu ya ugonjwa, mama yuko ya nne, na hatua zote ni tano. Uchujaji ukiwa chini ya 30 mtu anatakiwa aonwe na bingwa. Protini yake ya mkojo nayo ilikuwa 410, wakati kawaida ni chini ya 30.

Sasa ndani. Daktari bingwa hakuanza na mashine ya kusafisha damu, jambo ambalo mama alikuwa analiogopa mpaka halali. Aliuliza kama tuna majibu ya zamani. Nilikuwa nayo, nimeyatunza kwenye bahasha ya plastiki, mengine wino umeanza kufifia. Aliyapanga mezani kwa tarehe, akageuza karatasi moja upande mweupe na kuweka nukta za uchujaji wa figo kwa kalamu: 41, 36, 30, 24, mwaka mmoja kati ya kila nukta. Kisha akazipitishia mstari. "Mama, nataka tuulaze huu mstari," akasema. Alieleza kuwa si kila aliye na 24 huishia kwenye mashine, na kwamba kinachomshughulisha zaidi ni kasi ya kushuka. Kupoteza zaidi ya 5 kwa mwaka ni kasi kubwa. Mama alikuwa anapoteza kama 6. Niliitazama ile karatasi kwa uchungu, kwa sababu nukta zote zilikuwa nyumbani kwetu muda wote na hakuna aliyewahi kuziunganisha.

Baada ya hapo tukapelekwa kwa mfamasia wa kliniki, naye akatuomba tumwage mfuko wote wa dawa mezani. Akatoa diklofenaki aliyokuwa akimeza mama kwa ajili ya magoti, karibu kila siku, na ambayo sisi hatukuihesabu kuwa dawa. Dawa za maumivu za kundi hilo, ibuprofeni ikiwemo, hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Akaanzishiwa losartani, dawa ya presha inayolinda figo pia, na tukapewa fomu ya kurudi baada ya wiki mbili kupima potasiamu, madini ya damu ambayo dawa hiyo huweza kuyapandisha. Tukaambiwa pia kwamba siku akitapika au kuhara sana, asiendelee na losartani kimyakimya, apige simu kwanza.

Muuguzi alimaliza kwa kuushika mkono wake wa kushoto, asioutumia kuandika. Akampitishia kidole kwenye mishipa kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko, polepole, akamwambia damu itolewe mkono wa kulia au nyuma ya kiganja, na sindano ya dripu isichomwe hapo kwenye kushoto. Siku ikifika ya kuhitaji kusafishwa damu, mishipa ya mkono huo ndiyo itakayounganishwa wenyewe kwa wenyewe ili mashine ipate damu ya kutosha, na muungano huo huchukua wiki kadhaa hata miezi kukomaa. Nilipenda kwamba hili lilisemwa mapema, kwa upole, mama akiwa bado na nguvu zake.

Kasoro moja ya ndani: mara ya kwanza damu ilitolewa saa ile ile ya kumwona daktari, majibu yakawa hayajatoka, tukarudishwa siku nyingine. Ukipewa tarehe, omba fomu ya maabara upime wiki moja kabla. Tulifanya hivyo mara ya pili na ya tatu, tukakaa na daktari akiwa na majibu mkononi.

Mara hii ya tatu aliongeza nukta mbili kwenye karatasi ile ile, zote 24. Protini imeshuka mpaka 260. Tumepangiwa kurudi baada ya miezi mitatu, na bahasha sasa anaibeba mama mwenyewe.